Pasi Isiyo na Hatia

Tangu wiki iliyopita niliposimulia jinsi nilivyonyamaza, wasomaji wengi wameniita mwoga, na mmoja ameniita nyoka. Huyo wa nyoka sina la kumjibu. Kama una hasira na mimi, tunza kidogo, kwa sababu ya leo ni mabaya kuliko yale.

Kwa aliyeingia sasa hivi, mambo yako hivi. Mimi ni fundi miwani. Nyumbani nina kompyuta ya gemu, na mchana nikiwa kazini hutumiwa na mdogo wake mke wangu. Nyumba nzima tunamwita Katuni, kwa kuwa ndiyo kazi yake, huchora katuni zinazotembea na kusema. Filamu yake ya kwanza, ya mbuzi aliyefungua duka la kinyozi, ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Nakala yake nayo ilikuwa humo humo, kwenye diski ya pili, na aliyemshauri aiweke humo ni mimi. "Shemeji, utatembeaje na diski mfukoni kama njugu? Iache hapa, hapa ni salama."

Aliniomba kitu kimoja tu. Vifaa vyangu vipya vikifika, yaani kadi ya grafiki na pawa saplai ya kuibeba, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, nisifungue kasha la kompyuta mpaka yeye ahamishe kazi yake. Nikamwahidi. Vifaa vikaletwa dukani kwangu Ijumaa, na jioni ile ile wenzangu walikuwa na mechi ya mtandaoni. Kusubiri Jumamosi kukanishinda. Mtu mzima, ndevu zina mvi, kukanishinda.

Pawa saplai ya zamani nikaitoa. Nyaya zake zinazopeleka umeme kwenye diski sikuzitoa, kwa sababu nilishazifunga vizuri nyuma ya kasha na nikaona uvivu kuzifumua. Nikazichomeka kwenye ile mpya. Zikaingia bila hata kubishana. Kwetu kwenye miwani, mkono wa fremu moja ukikubali kuingia kwenye bawaba ya fremu nyingine, na skrubu ikakaza, mteja anavaa anakwenda zake. Vidole vyangu vimezoea hivyo. Nikawasha. Nikasikia "ta!", nikanusa plastiki inayoungua, na kompyuta ikaniandikia kwamba haioni diski hata moja.

Nikarudisha kifuniko. Punde Katuni akaingia, akachomeka pasi kwenye ekstensheni ile ile ya kompyuta, na umeme ukakatika nyumba nzima. Uliporudi akawasha kompyuta, akakuta diski hazionekani. Akanigeukia, uso umemshuka.

"Shemeji, ni pasi yangu?"

"Inawezekana," nikasema.

Neno moja tu. Sasa sikilizeni lilivyonitenda.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Katuni sebuleni amevaa vizuri, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Mke wangu amekaa pembeni, amenuna. Nikajua kuna kikao. Nikajua pia kwamba mshtakiwa si mimi.

"Shemeji, kaa," akasema Katuni.

Nikakaa.

"Nataka kukuomba radhi mbele ya dada. Kompyuta ni yako. Hujawahi kuninyima hata siku moja. Na mimi nimekuchomea, kwa ajili ya kunyoosha shati."

"Yaishe, shemeji."

"Yasiishe kirahisi hivyo!" mke wangu akadakia. "Wewe, nimekwambia mara ngapi kwamba hiyo ekstensheni imezidiwa? Mara ngapi?"

"Umeniambia, dada."

"Na wewe, mume wangu, mbona hufoki? Kompyuta unayoifuta vumbi kuliko unavyowafuta wanao makamasi, imeungua, na umetulia tu?"

"Nitafokaje? Si ndugu yangu huyu?"

Naandika maneno hayo na mkono unakataa. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sijalipata tangu tulipokuwa wachumba. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Umeona? Angekuwa mwingine, saa hizi begi lako liko barabarani. Mshukuru Mungu umepata shemeji mwenye moyo."

Katuni akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Ulikuwa umelowa jasho, na yeye akadhani ni uchungu wa kompyuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na vile vifaa vyako vipya?" mke wangu akauliza. "Bado havijaja?"

"Bado."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza. Wakati huo vifaa vilikuwa ndani ya kasha, hatua chache kutoka alipokaa. Bahati yangu mbaya, kasha lenyewe ni la chuma pande zote, halina kioo cha kuniumbua mapema.

Labda mtasema, kwani filamu ya mbuzi ndiyo nini? Nitawaambia. Kuna mama mmoja mwenye studio ya katuni. Aliona vipande vya mbuzi yule kwenye simu ya Katuni, akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia amletee filamu nzima. Ikiwa nzuri hivyo mpaka mwisho, atamwajiri. Katuni ameichora miaka mitatu. Huko nyuma alishakataliwa kila mahali mpaka akaacha kutuambia anakwenda wapi.

Jumatatu tukiwa kwenye chai, akampigia. Simu yake inasikika tu ukiweka spika, kwa hiyo tulisikia wote.

"Shikamoo, mama. Filamu imeungua."

"Marahaba. Imeunguaje? Siku hizi filamu zinaungua?"

"Nilichomeka pasi, mama."

"Na nakala?"

"Ilikuwa kwenye kompyuta hiyo hiyo."

"Mungu wangu. Nani alikushauri kuweka nakala pamoja na kazi yenyewe?"

Katuni akanitazama. Nilikuwa natafuna mkate. Nikaacha kutafuna.

"Hakuna mtu, mama," akasema. "Ni akili yangu mwenyewe."

Sijawahi kulindwa na mtu kwa upole namna ile, na mimi nimekaa hapo hapo na mkate mdomoni.

"Basi sikia," yule mama akasema. "Nafasi naifunga Ijumaa. Ukiwa na kitu cha kunionyesha, njoo. Kama huna, nakutakia heri, mwanangu. Mchoraji asiyejua kutunza kazi yake atanichomea na yangu."

Katuni akakata simu, akachukua vyombo akaenda kuviosha. Vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Siku hiyo kazini nilimwekea mzee mmoja lenzi ya kulia upande wa kushoto. Akarudi baada ya muda mfupi ameshikilia ukuta, anauliza kwa nini ngazi za duka langu zinapanda huku yeye anashuka. Nikamrekebishia, nikamwomba msamaha. Nikajishangaa jinsi msamaha ule ulivyotoka upesi, bila hata kufikiri. Kwa mzee nisiyemjua niliweza.

Jioni nyumba ilikuwa tupu. Nikafungua kasha, nikachomoa diski zote mbili, nikazifunga kwa kitambaa cha kufutia miwani. Kesho yake nikazipeleka kwa fundi wa diski.

Fundi mwenyewe ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Miwani yake imegandishwa kwa gundi upande mmoja, nikajizuia kumwambia ailete dukani.

"Nani ameziua hizi?"

"Pasi."

"Pasi?"

"Shemeji yangu alichomeka pasi, umeme ukaruka."

Akazigeuza, akazimulika, akazinusa kabisa.

"Pasi haifanyi hivi, baba. Pasi ingekuzimia nyumba, basi. Hizi zimepelekewa umeme kwa njia isiyo yake. Ulibadilisha pawa saplai?"

Nikakohoa.

"Ukabadilisha na nyaya?"

"Zile za zamani ziliingia," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Zitaachaje kuingia? Upande wa diski soketi ni moja. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga umeme anavyopenda yeye. Ndiyo maana mpya inakuja na nyaya zake kwenye boksi. Zako ziko wapi?"

"Kwenye boksi."

Alicheka mpaka akavua ile miwani ya gundi akapangusa macho. Mimi sikucheka. Akaniona sicheki, akanyamaza.

"Huyo shemeji yako anajua?"

"Anajua ni pasi."

"Na kilichokuwemo humu ni cha nani?"

"Chake."

Akaivaa miwani, akanitazama vizuri kama ndiyo kwanza nimeingia.

"Wewe mtu una roho," akasema.

Diski ya kwanza aliiweka kando, akasema hiyo izikwe. Ya pili, ile ya nakala, iliungua bodi ndogo ya umeme ya chini tu. Akipata bodi nyingine ya aina hiyo hiyo, huenda ikaamka. "Usinishukuru bado. Mimi si mganga. Ingawa kwa diski, mji huu hauna mwingine."

Nikatoka pale na tumaini, na tumaini lenyewe likanitesa kuliko kukata tamaa. Kila nilipomwona Katuni nilijiambia, ngoja, bodi ikipatikana nitamwambia vyote pamoja, kibaya na kizuri. Yeye kila aliponiona aliinuka kunipisha kiti.

Alhamisi, nikiwa nasaga lenzi, simu ikaita.

"Imeamka," fundi akasema. "Naona folda imeandikwa Mbuzi. Imefungwa kwa neno la siri."

Nilizima mashine, nikaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ifungue basi, dada yangu."

"Sifungui. Watu wananiletea diski za wake zao na waume zao, wanachunguzana, kesho naitwa mimi polisi. Ulisema kazi ni ya shemeji yako. Aje yeye kwa miguu yake, aandike neno lake mbele yangu."

"Siwezi kumwomba hilo neno nikakuletea?"

"Aje. Na aje leo. Kesho nasafiri, duka halifunguliwi."

Kesho ndiyo Ijumaa yenyewe, siku ambayo mama wa studio alisema anafunga nafasi.

Nitakiri na hili. Njiani kurudi nyumbani bado nilikuwa natafuta mlango wa nyuma. Nilijiambia nitamwambia Katuni kwamba nilipeleka diski kwa siri ili nimfurahishe, na ile habari ya pasi ibaki palepale ilipo. Kisha nikamkumbuka fundi na mdomo wake. Katuni asingemaliza kusalimia kabla hajaambiwa habari za nyaya. Hapo ndipo nilipoamua kusema ukweli, na naona aibu kwamba niliamua kwa sababu hiyo.

Nikasukuma mlango. Mke wangu na mdogo wake wote wawili walikuwa kwenye meza ya kompyuta, na Katuni anatabasamu, tabasamu ambalo lilikuwa limepotea nyumbani kwetu tangu Ijumaa ile.

"Ah, shemeji, umewahi! Tulitaka ukute imeshapona."

Mkononi ana diski mpya, bado iko ndani ya mfuko wake.

"Umeipata wapi?"

"Kuna jamaa wa duka la kompyuta, siku nyingi alikuwa anakitamani kibao changu cha kuchorea kwenye kompyuta. Tumebadilishana."

"Umetoa kibao? Utachorea nini?"

"Sichori tena, shemeji. Yule mama alisema kweli. Jumatatu naanza kazi kwenye ghala la vinywaji, kupakia kreti. Lakini wewe gemu zako usizikose kwa ajili yangu. Haiwezekani."

"Mimi nimemkataza," mke wangu akasema, macho yamelowa. "Amekataa. Anasema deni la heshima."

"Katuni," nikasema. "Ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Dada, nimulikie hapa."

Alikuwa amepiga magoti. Skrubu za kifuniko alishazitoa, zimepangwa juu ya zulia. Mke wangu akawasha taa ya simu yake. Kifuniko kikatoka.

Mke wangu hajui chochote cha ndani ya kompyuta. Kwake humo ni vyuma na nyaya. Lakini Katuni anajua. Aliiona kadi mpya, ina karatasi yake ya kiwandani bado haijabanduliwa. Akaiona pawa saplai mpya, nyeusi, haina vumbi. Akaona mahali pa diski, pako wazi, hakuna kitu.

Akaushika ule waya wa zamani. Ncha yake ilikuwa imebadilika rangi. Akaufuata kwa kidole taratibu, kutoka mahali diski zilipokuwa, akapita nyuma, mpaka unapoingia kwenye pawa saplai. Kidole kikasimama hapo.

Mimi nilikuwa naangalia shingo yake kwa nyuma. Haikugeuka.

"Umeona nini?" mke wangu akauliza.

Katuni akauachia waya.

"We, nakuuliza, umeona nini?"

"Hakuna kitu, dada," Katuni akasema. "Kumeungua tu. Pasi yangu ilifanya kazi."

Akarudisha kifuniko. Akakaza skrubu moja moja, hakuacha hata moja.

"Si ulisema unaweka diski?"

"Leo haitaingia. Kuna kitu kimepungua." Akasimama, akajipangusa magoti. "Shemeji, nisindikize hapo nje mara moja."

Wasomaji, pale nilikuwa na nafasi. Mke wangu amesimama mbele yangu, mdogo wake amesimama mbele yangu, na mimi mdomo ninao. Nikaweka simu yangu mezani, nikasema, "Twende."

Tukasimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Shati lake, lile la pasi, lilikuwa limeanikwa hapo.

"Vilifika lini?"

"Ijumaa."

"Kabla ya pasi?"

"Kabla ya pasi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe.

"Mimi nilimpigia mama yetu, shemeji. Nikamwambia nimemharibia mkwewe kitu chake cha thamani. Mama akalia kwenye simu kwa aibu. Anaona atakutazamaje. Wewe ulikuwa unajua haya?"

"Dada yako aliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mwambie mama asijali."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Basi nikamweleza yote, nikikanyagana na maneno yangu mwenyewe. Nyaya, fundi, bodi iliyopatikana, folda ya Mbuzi, neno la siri, kwamba ni lazima aende yeye na aende leo.

"Iko hai?" akauliza.

"Iko hai."

Akachuchumaa palepale, akaufunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nikamwekea mkono begani. Akautoa, wala hakuutoa kwa nguvu, akainuka.

"Fundi yuko wapi?"

Nikamwelekeza.

"Naenda sasa hivi. Nikirudi nataka nimkute dada anajua. Yote. Na mama awe amepigiwa, na wewe, kwa sauti yako. Nikikuta hawajui, sitasema neno, wala sitakusuta. Nitachukua begi langu nihame, na wewe utabaki hapa unaitwa mtu mwenye moyo. Umenielewa, shemeji?"

"Nimekuelewa."

Akaondoka, anatembea, halafu anakimbia.

Nikabaki na kamba ya nguo. Nikavuta pumzi, nikajipanga. Nitaanza na samahani, au nitaanza na Ijumaa? Nikaona nianze na Ijumaa. Nikaanza kuyasema kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza wiki ile nzima nilihisi naweza. Nikageuka kuingia ndani.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Simu yangu iko sikioni mwake.

"Ndiyo, mimi ndiye mke wake," alikuwa anasema. "Eeh. Eeh. Nyaya gani?"

Akasikiliza. Nilimwona uso ukibadilika, kidogo kidogo, kuanzia macho.

Kisha akaishusha simu, akaninyooshea.

"Ni fundi mmoja. Anasema mwenye diski aharakishe, anakaribia kufunga. Halafu anauliza kama umeshasema ukweli hapa nyumbani, au bado unaisingizia pasi."

Niliipokea. Haikuwa imekatwa. Nilisikia pumzi ya yule fundi upande wa pili, anasubiri.

"Mjibu," mke wangu akasema. "Na mimi nasikiliza."